Mechi ya Mia Tatu

Daktari Shamsia hakumzungusha. Alimwamkia Aikande shikamoo, akamvutia kiti, akampa pole ya msiba, kisha akamwambia kwamba kama ubongo wa Ezra ni wa kutolewa, basi utolewe leo. Kesho utakuwa umeanza kuharibika, na swali aliloliacha marehemu halitapata jibu tena.

"Sikukimbizi, mama," alisema. "Mwili ndio hauna subira."

Aikande alikaa na mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Chini uani, karibu na chumba cha maiti, baba yake mdogo, mzee Eliufoo, alikuwa amesimama na wanaume wa ukoo wakibishana juu ya jeneza. Refu la kumtosha Ezra halikupatikana kwa maseremala wa mtaa wa Pasua, ilibidi lichongwe. Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa huko juu Kirua Vunjo, ndani ya kihamba, shamba la urithi la familia, kati ya migomba, pembeni mwa kaburi la baba yao. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale aliyejua Aikande amepanda ngazi kufanya nini. Wangejua, wangepanda wote kwa pamoja.

"Nikikubali, watu wataona?" aliuliza. "Siku ya kuaga, jeneza likifunguliwa."

"Hawataona kitu. Nashona mwenyewe."

"Na tukimzika hivyo, hana..."

Daktari alielewa. Alikuwa mwanamke wa Moshi mjini, binti wa fundi cherehani, Mwislamu, na ushungi wake ulikuwa umepigwa pasi hata siku ya kazi kama hiyo.

"Kwetu maiti huzikwa upesi, na huzikwa mzima," alisema. "Baba yangu mpaka leo hataki kusikia kazi ninayofanya. Kwa hiyo sikwambii kwamba hili ni jambo dogo. Nakwambia tu kwamba mdogo wako aliliomba mwenyewe, akiwa na akili zake, kwenye kiti hicho hicho ulichokalia."

Aikande alilijua hilo, alikuwepo. Kilichomzuia hakikuwa ombi la Ezra. Ubongo ule ukipasuliwa ungesema jambo moja kati ya mawili: ama Ezra aliharibiwa na mpira, ama aliharibiwa na hasira ya baba yao aliyeko kaburini. Na Aikande, kwa miaka mitatu, mchana kweupe na kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba ni baba.

Ezra alikuwa kitinda mimba wa mzee Anaeli, kiongozi wa wageni mlimani. Mume na mke kutoka Melbourne, waliopandishwa na kushushwa salama na mzee huyo, waliomba mtoto wake mmoja wakamsomeshe. Mzee aliwapanga watoto wake akawatazama, akamtoa yule mrefu, kwa sababu, alisema, huyu ndiye anayejigonga kichwa kwenye kila mlango wa nyumba hii, aende huko kwenye milango mirefu. Watu walicheka. Ezra aliondoka akiwa na miaka kumi na saba.

Huko walimwona anavyoruka, wakamtia kwenye mchezo ambao Kirua hawakuwahi kuusikia. Mpira wake una umbo la yai. Uwanja ni duara refu, lango halina nyavu, lina nguzo tu zilizosimama wima, na wanaume wazima hurukiana mabegani kuudaka mpira hewani, bila kofia ngumu, bila kinga zaidi ya kile kipira cha kuuma kwa meno. Kijijini wakauita mpira wa yai, wakaucheka, na walipochoka kucheka wakaanza kuufuatilia. Kazi ya Ezra ilikuwa kazi ya warefu. Mwamuzi anaudunda mpira katikati, warefu wawili wanarukiana magoti mbele, na anayefika juu zaidi anawasukumia wenzake. Kazi hiyo aliifanya misimu kumi na minane. Walioanza naye walistaafu, wakaota vitambi, wengine wakawa watangazaji, yeye bado anaruka. Alivunjika pua, akavunjika mbavu, akavunjika kidole ambacho hakikunyooka tena. Kuzimia hakukuhesabu. "Nimeona nyota kidogo tu, dada," angesema kwenye simu, na wiki iliyofuata yuko uwanjani. Aikande alizitazama video zake, uwanja mzima ukipiga kelele mdogo wake anapoanguka na kelele kubwa zaidi anapoinuka, na hakuna siku aliyoona kuna ubaya. Aliona fahari. Nani asingeona?

Huko Melbourne mchezaji akifikisha mechi mia tatu ni jambo zito. Kipenga cha mwisho huko ni king'ora, na kikilia wenzake humbeba mabegani kumtoa uwanjani, watu wote wamesimama. Ezra alifikisha mia tatu siku ya Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo ndiyo aliyozikwa mzee Anaeli.

Aikande alikuwa amempigia simu Jumanne, baba alipokata roho. Ezra alilia mpaka kwenye simu zikabaki pumzi tu. Alisema anakuja. Alhamisi akapiga mwenyewe, sauti changamfu, akauliza habari za mvua, akauliza ng'ombe kazaa nini, halafu akasema, "Hebu mpe baba simu nimsalimie." Aikande alidhani amelewa. Alimwambia maneno ambayo ndugu haambiwi, akakata. Ezra hakuja.

Kwa Wachagga mtoto wa mwisho ndiye mrithi wa nyumba ya baba, na katika ukoo wao ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini. Siku ile watu walisimama na majembe wakatazamana. Mwishowe mzee Eliufoo aliutia yeye. Kabla jua halijazama video ilikuwa imeshafika Kirua: Ezra juu ya mabega ya wanaume wawili, jezi imelowa, anapunga mkono huku anatazama pembeni, kama mtu anayetafuta alipoegesha gari. Watu wawili wa nyumba moja walibebwa mabegani siku moja, mmoja anapelekwa shimoni na mwingine anashangiliwa. Mzee Eliufoo aliitazama video ile mara moja tu, akamrudishia Aikande simu yake.

"Kaka yangu hatalala," alisema.

Basi, likasemwa, na likishasemwa na mtu kama yeye halirudi mdomoni. Ng'ombe alipokauka maziwa, ilikuwa baba. Tawi la mringaringa lilipoanguka juu ya banda bila upepo, ilikuwa baba. Aikande, mjane aliyerudi kutunza nyumba ya wazazi, alikuwa anasikia kikohozi cha mzee nyuma ya jiko mchana, akitoka anakuta kuku.

Misimu miwili baadaye Ezra alistaafu. Mke wake, mwanamke wa huko huko, alikuwa amechoshwa na hasira zake Ezra zisizo na kichwa wala miguu, akaondoka. Ezra akarudi Kirua na masanduku mawili, mabega bado mapana, mvi zimeanza, na dada yake akampokea kwa mtori wa ndizi na machozi. Mwanzoni vilikuwa vitu vidogo. Alitia chumvi kwenye chai. Alipotea njia ya dukani, njia aliyoizoea tangu anatambaa. Halafu alianza kumwona Rory.

Rory alikuwa rafiki yake wa timu, naye alikuwa amekufa, amejiua kabla hajafikisha miaka arobaini. Sasa alikuwa anasimama ndani ya shamba la kahawa la mzee Anaeli, jezi inachuruzika maji, hasemi kitu, anasubiri apewe mpira. Ezra hakumwogopa hata kidogo. Alimrushia chochote kilichokuwa karibu: parachichi, gunzi la mahindi, siku moja kikombe na chai yake. Aikande hakuona mtu. Lakini majani ya kahawa yalitikisika mahali ambapo upepo haukuwepo, na vile vitu vilivyotupwa kule hakuvisikia vikianguka. Akaacha kukata majani ya ng'ombe upande ule.

Na kila alasiri, ukungu unaposhuka kutoka msituni na migomba kuanza kupotea mmoja mmoja, Ezra aliuliza, "Dada, baba yuko wapi?"

Aikande alijibu kweli. Hivyo ndivyo alivyolelewa. "Baba alikufa, Ezra. Alikufa na hukuja kumzika."

Uso wa mdogo wake ulibomoka. Mtu mzima yule, mwenye kifua cha kubebea milango, alijishika kichwa akalia mpaka majirani wakachungulia. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia tena vile vile. Na Aikande, akimtazama, alijisemea moyoni: anajua alichofanya. Asiye na hatia hawezi kulia hivi.

Alimweleza baba yake mdogo. Mzee Eliufoo alikuwa mzee wa kanisa siku ya Jumapili, siku sita zilizobaki alikuwa Mchagga. Aliuliza swali moja tu: analia? Analia, alijibu Aikande, kila siku. Basi, alisema mzee, moyo unamsuta, na kaka yangu anamshika pale pale panaposuta. Dawa ilijulikana. Mlimani, uliyemkosea ukimwendea na jani la isale mkononi hawezi kukunyima msamaha, awe hai au awe amelala. Wakachinja kondoo. Wakamwaga maziwa na mbege, pombe ya ndizi. Wakampa Ezra jani la isale, wakampeleka kaburini katikati ya migomba, kwenye manyunyu, wakamwambia piga magoti, sema kosa lako.

Ezra alipiga magoti kwa utii, akiwatazama wote kwa zamu kama mgeni aliyeingizwa kwenye harusi asiyoijua. Halafu akainua macho akasoma jina lililoandikwa kwenye msalaba. Alianguka kifudifudi. Sauti iliyomtoka iliwafanya wanawake wafunike vichwa kwa khanga.

"Kaka yangu amepokea," alisema mzee Eliufoo, naye machozi yanamtoka.

Lakini Rory hakuondoka kwenye kahawa, kwa hiyo walirudia. Walirudia tena na tena kadiri walivyopata kondoo. Kila mara Ezra alisoma jina, kila mara alianguka, na kila mara wazee walirudi nyumbani na matumaini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hapo. Ndiyo sababu walikuwa hawachoki.

Zilikuwepo siku za mwanga. Asubuhi moja walikuwa wanachambua maharage barazani, mlima umejifunua wote, na Ezra akasema kwa sauti yake ya zamani, "Dada, si baba."

"Nini si baba?"

"Hii. Baba hana neno na mimi. Ni kichwa. Rory alipokufa walimpasua, wakaukuta ubongo umeharibika ndani, kama parachichi lililoangushwa mara nyingi, nje zima. Ndivyo nilivyo mimi. Nikifa nipasuliwe, mjue."

"Usiseme kufa."

"Mjue tu, dada. Msikae mkimsingizia mzee."

Alimsikiliza kwa ile heshima anayopewa mlevi mstaarabu. Hata hivyo alimpeleka mjini. Daktari wa mishipa ya fahamu alimpa vidonge, akawaambia kwamba ugonjwa anaoushuku hauonekani kwa mtu aliye hai. Ezra akauliza nani basi anauona. Wakaelekezwa kwa Daktari Shamsia, mchunguzi wa maiti, ambaye aliinua macho akashangaa. "Wagonjwa wangu huwa hawaji kwa miguu yao," alisema, na Ezra alicheka kicheko ambacho Aikande hakuwa amekisikia tangu arudi. Akaeleza anachotaka, wazi, bila kukosea neno. Mabaki ya ubongo yapelekwe Melbourne kwa wataalamu, na jibu aletewe dada. Aikande alikubali kama unavyomkubalia mgonjwa anayetaka kuhamishiwa kitanda dirishani. Yeye ndiye mkubwa. Alijua atatangulia kufa.

Ezra alikufa mwezi wa saba, mwezi wa baridi, alasiri ya ukungu. Jirani aliyekuwa anakata majani alimwona ukingoni mwa mfereji wa maji, pale bonde linapokata ghafla. Alisema Ezra alipiga hatua kadhaa za mbio, akaruka juu sana, mikono yote miwili imenyooshwa, goti mbele, uso umeelekea mawinguni, kama kuna kitu kinamjia kutoka huko. Jirani huyo aliapa kwamba kabla ya hapo alisikia mtu mwingine, upande wa pili wa bonde, akimwita kwa jina.

"Mama," alisema Daktari Shamsia, akimsogezea karatasi ya idhini.

Mlango uligongwa na kufunguliwa. Mzee Eliufoo aliingia, kofia mkononi, anahema kwa ngazi. Alimtazama daktari, akamtazama Aikande, akaona karatasi mezani. Hakuwa mjinga. Alikaa kwenye kiti cha pembeni bila kukaribishwa.

"Ni nini kinatafutwa humu?" aliuliza.

Daktari alimweleza kwa heshima yote, shikamoo mbele, hatua kwa hatua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimgeukia Aikande, akazungumza naye kana kwamba daktari ametoka.

"Huyu mtoto tayari hatalala kwa amani na baba yake. Sasa mnataka kumlaza pungufu. Atakuja kukudai wewe, wewe uliyebaki kwenye nyumba ile. Na kwa kitu gani? Kilichomuua tunakijua, Aikande. Sisi wote tunakijua. Mbona unataka kukiuliza tena?"

Aikande alikuwa karibu kusema basi, twendeni. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini lile "tunakijua" lilimkwama. Aliona uso wa mzee ulivyotulia, hauna wasiwasi wowote, akatambua kwamba wake mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo kwa miaka mitatu, kila alasiri.

"Kama tunakijua, baba mdogo," alisema polepole, "hatuna cha kuogopa wakikitazama."

"Basi hii ni yako. Mimi simo."

"Ni yangu."

Mzee alivaa kofia yake akashuka. Aikande alisaini. Mzee hakuwaambia wengine uani, si kwa kumstahi binti wa kaka yake wala nani, ila kwa aibu, na aibu ilimfunga mdomo vizuri kuliko ambavyo kiapo kingemfunga.

Wakamzika Jumamosi. Jeneza lilifunguliwa, watu wakapita, hakuna aliyeona kitu. Mzee Eliufoo alitia udongo wa kwanza tena, na safari hii aliutupa kwa hasira.

Baada ya matanga nyumba ilibaki na Aikande peke yake, ila hakuwa peke yake. Alasiri, ukungu ukishuka, alisikia kishindo migombani. Kishindo cha mtu mzito anayetua kwa miguu miwili kutoka juu. Halafu kimya. Halafu tena, mbele kidogo. Alitoka na panga, akakuta udongo hauna alama. Ng'ombe alikata kamba siku mbili mfululizo, wala hakuwa ng'ombe wa kukata kamba. Wake wa binamu zake waliacha kupita kihamba kile kwenda kisimani, wakazunguka mbali, na wala hawakuficha kwa nini. Siku moja, akiwa ameinama anasugua sufuria, Aikande alisikia nyuma yake, karibu kabisa, sauti inayouliza alipo baba. Mdomo ukamtangulia. "Alikufa," alijibu kwa mazoea, na migomba yote ikalia.

Baada ya hapo hakuosha vyombo nje tena. Alianza kuomba, kanisani na nyumbani, na alichoomba kilikuwa kibaya, naye alijua ni kibaya. Aliomba ubongo ule ukutwe mzima. Ukikutwa mzima, basi baba kweli alikuwa na hasira, Ezra kweli alikuwa na kosa, na dada aliyemliza kila siku alikuwa anafanya kazi aliyotakiwa kuifanya.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili, watu wa mlimani walipokuwa wameanza kurudi kwa ajili ya Krismasi. Daktari Shamsia hakulisema kwenye simu. Alipanda mwenyewe mpaka Kirua, viatu vyake vya mjini vikajaa tope, akakaa barazani akapewa chai ya maziwa. Aliinywa nusu kabla hajasema kitu.

"Ni ugonjwa, mama. Umethibitishwa. Unatokana na kugongwa kichwa, si mara moja, mara nyingi, miaka mingi. Ulikuwa umefika mbali. Wenzetu wa huko wanasema ni ajabu jinsi alivyokuwa bado anaweza kuvaa nguo mwenyewe."

"Baba hayumo," alisema Aikande. Hakujua kama ameuliza au ametamka.

"Hayumo."

Kuku walipita kati yao. Aikande alishika kikombe chake bila kunywa.

"Alipofiwa aliniambia anakuja. Siku mbili baadaye akapiga, akataka nimpe marehemu simu. Nikamtukana."

"Wakati huo bado alikuwa anacheza?"

"Alikuwa anajiandaa na mechi kubwa."

"Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema daktari. "Lakini inawezekana kabisa. Mtu mwenye ugonjwa huo, akigongwa tena kidogo tu mazoezini, anaweza kuambiwa baba yake amekufa na kesho yake asiwe nalo kichwani."

"Basi hapa nyumbani. Alikuwa ananiuliza baba yuko wapi, nami namwambia. Kila siku namwambia, na kila siku analia. Kama alikuwa anasahau, alikuwa analilia nini?"

Daktari Shamsia aliweka kikombe chini.

"Alikuwa analia kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa," alisema. "Kwake kila mara ilikuwa mara ya kwanza."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Daktari alinyoosha mkono akaushika wa Aikande, na Aikande akamwachia, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuuondoa. Alikuwa anahesabu alasiri bila kutaka, miaka mitatu ya alasiri, na kwenye kila moja mdogo wake anafiwa na baba, na ni yeye dada mtu anayepeleka habari, na kila anapoipeleka anaongezea kwamba hukuja kumzika. Hata daktari alipoaga hakumsindikiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgeni maishani mwake.

Siku ya pili ya Krismasi ukoo ulikutana kwa mzee Eliufoo, kama kila mwaka, waliotoka Dar, waliotoka Arusha, waliobaki. Mbuzi wawili walikuwa motoni, na kabla ya nyama kugawanywa ni desturi mwenye neno alitoe, ili watu wasile wakiwa na vinyongo. Mzee alisali, akauliza nani ana neno. Aikande alisimama.

Alisema yote. Hakuyapamba wala hakujitetea. Alisema Ezra alipasuliwa kichwa kabla ya kuzikwa na kwamba yeye ndiye aliyesaini. Alisubiri mingurumo ipungue. Akasema kilichokutwa. Akasema mzee Anaeli hakuwa na hasira na mtoto wake, hakumshika, hakumfunga, amelala siku zote hizi kama wafu wengine, na waliomsumbua Ezra ni walio hai, yeye wa kwanza.

Aikande alitamani wamkemee. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, hata amevaa viatu vya kutembelea, aondoke akifukuzwa. Lakini shangazi mmoja alianza kumwambia pole, na mwingine akadakia pole, na mzee Eliufoo, aliyeonekana kuzeeka tangu asubuhi, aliinua mkono kuwatuliza.

"Hatukujua, mwanangu," alisema kwa upole. "Tulifanya kwa kumpenda. Hakuna mtu hapa aliyejua."

"Yeye alijua," alisema Aikande. "Alituambia."

Mzee aliitazama fimbo yake. Watu walianza kudhani hatasema tena, na kijana aliyekuwa anakata nyama alikuwa ameshainua kisu, ndipo mzee alipouliza, bila kuinua macho.

"Siku ile ya kwanza tuliyompeleka kaburini, na jani. Aliposoma jina akaanguka. Alikuwa ndiyo kwanza anapata habari?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na mara ya pili?"

"Na mara ya pili."

Mzee Eliufoo alitikisa kichwa taratibu. Hakuuliza ya tatu.